Zoezi Lililopata Paa

Nasikia siku hizi mafundi hufundishwa hotelini. Kijana wa jirani yangu alirudi juzi kutoka Rubwera, makao ya wilaya yetu, akiwa amening'iniza kitambulisho shingoni kama ng'ombe wa mnadani, mkononi cheti chenye maua pembeni, na tumboni, kwa maelezo yake mwenyewe, wali kuku wa siku mbili. Semina ilihusu kuboresha utendaji wa timu za ujenzi. Nikamuuliza, "Mlishika mwiko?" Akasema hapana, babu, mwiko ulikuwa kwenye picha, unamulikwa ukutani. Nikamuuliza kama ukuta wenyewe ulikuwa umenyooka. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mzee aliyeanza kuzungumza na kuku.

Ndiyo maana naandika. Nawaandikia ninyi mnaokwenda saiti na buti mpya na kofia ngumu ambayo bado ina karatasi ya dukani. Sina wali wala kuku wa kuwapa. Nina ukuta mmoja tu wa kuwasimulia, na nikiumaliza mtakuwa mmejifunza zaidi ya mliyoyapata kwa posho.

Kwanza mnijue. Niliondoka kwetu Bugomora na shati moja na ndizi mbivu zilizoisha kabla sijafika Bukoba. Nilirudi na diploma ya ujenzi yenye muhuri wa kubonyea, ule ambao hata kipofu akiupapasa anajua ameshika kitu cha maana. Katikati ya safari hizo mbili hakuna mjomba aliyenipokea wala padri aliyeniandikia barua. Nilibeba zege mchana, nikasoma jioni, nikafanya mtihani nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wanaozesha mabinti. Sisemi kwamba nilikuwa wa kwanza upande wetu kuwa na karatasi ile. Nasema tu kwamba sijakutana na aliyenitangulia, na nimeuliza sana.

Aliyenifundisha kazi kabla ya chuo kunifundisha majina ya kazi alikuwa fundi mmoja wa Mwanza, Mzee Abdallah, mwenye kikohozi na macho ya mwewe. Miezi miwili ya kwanza alinipa misumari iliyopinda niinyooshe. Nikamuuliza, "Mzee, nitajenga lini?" Akasema, "Siku nyundo itakapoacha kukosea msumari ikapata kidole." Baada ya misumari akanipa matofali niyasikilize. Ndiyo, niyasikilize. Unashika mawili, unayagonga. Tofali lililoiva linalia kama kengele ya baiskeli. Lisiloiva linalia kama mtu aliyeshiba kupita kiasi. Kijana wa semina, hilo uliambiwa? Na uliambiwa kwamba tofali kavu la kuchoma lazima ulilowanishe kabla ya kulilaza, la sivyo litanyonya maji yote ya udongo na kuuacha kama unga wa muhogo? Nyamaza, najua hukuambiwa.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya themanini nikarudi nyumbani. Kyerwa yetu ya leo haikuwa wilaya bado. Sote tulikuwa Karagwe, na ukitaka muhuri wa serikali ulitembea. Nikapewa kazi ya kusimamia ujenzi wa madarasa mawili katika shule moja ya msingi upande wa Kibingo, juu ya kilima, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kufundisha mafundi wanne wa palepale ili watakaobaki wajue. Wazo zuri sana. Waliolibuni hawakuwahi kufundisha mtu yeyote.

Wanafunzi wangu walikuwa Evariste, Sosteni na ndugu wawili wa Bugomora ambao walikuwa wapole kiasi kwamba hadi leo sina hadithi yao. Sosteni alikuwa mcheshi, mwenye migomba mingi na hamu ndogo. Evariste alikuwa kibarua. Familia yake ilitoka Rwanda zamani, ikapanga mashamba ya watu huku na huku, na yeye alikuwa na mikono mikubwa kama sepetu na maneno machache kama mtu anayelipia kila neno.

Nikatundika ubao kwenye mgomba. Nikavaa koti. Nikachora aina za kufungamanisha matofali, nikaanza na ile tuliyoiita chuoni bondi ya Kiingereza.

Sosteni akanyoosha mkono. "Bwana Diploma, na bondi yetu, ya Kinyambo, ikoje?"

"Haipo," nikasema.

"Basi nyumba zetu zimesimamaje?"

Nikafuta ubao. Jina hilo la Bwana Diploma walinipa siku hiyo, nami nikalipokea kama sifa. Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba halikuwa sifa kamili.

Kila nilipomaliza jambo niliuliza, "Mmeelewa?" Nao waliitikia kwa pamoja, "Tumeelewa." Siku tatu nikauliza, siku tatu wakaelewa. Nikajisifu usiku na mchana kwamba sijaona watu wepesi wa kushika kama hawa. Siku ya nne wakashika matofali, wakajenga ukuta ambao maungio yake yalipandiana toka chini hadi juu kama ngazi ya kupandia kuku. Hakuna tofali lililomfunga mwenzake. Hata upepo ungeona aibu kuusukuma.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kule mjini: kwetu mtu wa heshima akikuuliza kama umeelewa, umeelewa. Kumwambia hukuelewa ni kumwambia kwamba hakueleza. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii hivyo mtu mwenye koti.

Nikavua koti. Nikaamua watajifunza kwa mikono, na kwa kukosea. Upande wa chini wa kiwanja, karibu na shimo la udongo, nikawapimia mstatili kwa kamba ya mafundo. Pande za mafundo matatu, manne na matano zikikutana, kona ni ya skwea, haina haja ya kumwita Pisagora wala nani. Kila mmoja nikampa kona yake ajenge, akutane na mwenzake katikati, kozi kwa kozi, yaani mstari juu ya mstari, kwa udongo tu, maana saruji ilikuwa ya kibali na kibali kilikuwa cha mwenye bahati. Msingi hatukuchimba. Wa nini? Lilikuwa zoezi. Nikawaambia waache pia tundu la mlango na matundu mawili ya madirisha, wajue kuweka kizingiti.

Kijana, soma tena maneno hayo. Kona nne, mlango, madirisha mawili. Mtu mwenye diploma alichora nyumba kwenye nyasi, juu ya mteremko, kando ya shimo, akaiita zoezi.

Kuta zilipofika kifuani, nikaitwa Bukoba kufuata saruji. Niliwakusanya. Nikasema kwa Kiswahili kisicho na kona, "Mtajenga hadi usawa wa kizingiti. Halafu mtabomoa. Nikirudi nikute matofali yamesuguliwa, yamepangwa kule juu tayari kwa kazi yenyewe. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Bwana Diploma."

Nilisema siku tatu. Saruji haikujua kwamba nimesema siku tatu. Ilifika siku ya kumi, nami nikafika Kibingo siku ya kumi na mbili, nimekaa juu ya mifuko nyuma ya lori, mweupe kama mzuka. Kabla lori halijasimama nikasikia watoto wanaimba irabu. A, e, i, o, u. Nikajiuliza darasa la kwanza, ambalo siku zote husomea chini ya mti, limepata wapi mwangwi.

Zoezi langu lilikuwa na paa. Nguzo za mkaratusi, nyasi zimekatwa vizuri pembeni kama nywele za bwana harusi. Kuta zimepakwa udongo mweupe. Juu ya mlango mtu aliandika kwa mkaa: KARIBU. Na matofali yaliyotumika kumalizia yalikuwa ya madarasa yangu mawili, yale niliyoyahesabu na kuyasikiliza moja moja.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Theonest, mtu mwembamba mwenye furaha za ghafla, akanijia mikono yote miwili mbele. "Umetufichia, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. "Tulidhani unafundisha tu. Kumbe unajenga. Na fungu lako la rubisi, pombe ya ndizi ya siku ya kuezeka, tumelihifadhi, ingawa sasa limekuwa kali kidogo."

"Mwalimu, hiyo siyo nyumba."

"Ni nini?"

"Ni zoezi."

Akaliangalia zoezi. Watoto wakapiga makofi ndani, wamefika kwenye u. "Limefaulu," akasema.

Nikazunguka upande wa chini, ule wa shimoni. Huo ulikuwa ukuta wa Evariste. Naomba niseme ukweli ambao sikumwambia siku ile: ulikuwa mzuri. Kila tofali limemkumbatia jirani yake, maungio membamba, kona kali. Alikuwa ameshika kila kitu nilichofundisha. Ila chini yake hakukuwa na kitu isipokuwa nyasi na udongo laini, na futi chache mbele palikuwa na shimo linaloomba kujazwa. Masika yalikuwa yanakuja. Ukuta ule ukilowa miguu ungelala, na ukilala ungevuta paa, na chini ya paa kulikuwa na darasa zima la kwanza linalojifunza irabu.

Nikachukua nyundo. Nikaamuru watoto watoke.

Mlangoni akasimama Ma Adelaida, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, bibi mwenye shamba la kahawa na sauti ambayo haikuwahi kuhitaji kupandishwa. Hakusimama kwa muda mrefu. Alivuta kigoda, akaketi pale pale katikati ya mlango.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana hata ukiwa na nyundo unaamkia.

"Marahaba. Hiyo nyundo ya nini, mwanangu?"

"Kubomoa, mama. Nyumba hii itaangukia watoto."

"Imekuambia?"

"Haina msingi."

"Aliyeijenga bila msingi ni nani?"

Nikaeleza. Nikaeleza udongo, mteremko, shimo, maji, uzito wa paa. Nilieleza vizuri sana, ningetamani mngekuwepo. Nilipomaliza nikauliza, "Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa," akasema, na akabaki kwenye kigoda. "Lakini kwetu nyumba huibomoa aliyeijenga, au adui. Wewe ni yupi?"

"Mimi nina diploma."

"Hilo silo jibu."

Nyuma yangu nikamsikia Sosteni anakohoa, kikohozi cha mtu anayekizuia kitu kingine.

Nikamtafuta Evariste. Nilimkuta kwenye shimo la udongo, anakanyaga, suruali imekunjwa magotini. Nikamwambia akachukue nyundo, abomoe ukuta wake, ili tumalize upuuzi huu. Akachota maji, akaumwagia udongo. Nikauliza kama hakunisikia siku niliyoondoka.

"Nilikusikia."

"Sasa kwa nini hukubomoa?"

Akaendelea kukanyaga. "Bwana Diploma, mimi nimejengewa na baba yangu vibanda vitatu. Vyote vilibomolewa. Siyo na baba." Akatoa mguu mmoja kwenye udongo, akauangalia kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Huu ni ukuta wangu wa kwanza. Watu wameuwekea paa. Wameimba. Ma Adelaida amenipa kibuyu cha rubisi mkononi, mbele za watu. Wewe unataka mimi nichukue nyundo."

Nilikuwa na majibu. Chuo kilinipa majibu mengi sana. Nikarudi juu bila kutumia hata moja.

Jioni hiyo tulipatana na Mwalimu Theonest kitu cha ajabu kuliko vyote nilivyowahi kusaini. Alikataa kuwatoa watoto kabisa, kwa sababu wazazi wameezeka na wazazi watamuuliza. Alikubali kuwatoa mvua ikianza. Kwa hiyo kwa wiki nzima shule ile ilikuwa na darasa ambalo jua likiwaka watoto wanakaa ndani, na mvua ikinyesha wanatolewa nje kulowa chini ya migomba. Mkaguzi angepita, sijui angeandika nini. Bahati nzuri wakaguzi nao hawakupenda mvua.

Basi nikafanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza, badala ya koti na ubao. Nikapigilia msumari juu kabisa ya ukuta wa Evariste kwa nje, nikatundika timazi. Kwa ninyi wa semina, timazi ni uzi wenye risasi nzito mwishoni, na ndiyo mwalimu pekee duniani asiyejali heshima yako. Ukuta ukiwa umesimama wima, uzi unashuka ukiambaa nao toka juu hadi chini. Ukuta ukiinamia nje, uzi unaachana nao chini, na pengo hilo ndilo kiasi cha uongo wa ukuta wako.

Asubuhi ya Jumatatu, baada ya gwaride, nikamwita mtoto mmoja wa darasa la kwanza, binti mwenye kidonda gotini. Nikamwambia aweke vidole kati ya uzi na ukuta, pale chini.

"Kidole kimoja," akasema.

Nikamshukuru, nikaenda zangu kuchimba msingi wa madarasa.

Jumanne kulinyesha manyunyu. Jumatano binti akaingiza vidole viwili, na havikubanwa. Siku hiyo walikuwepo wazazi watatu waliokuwa wanapita kwenda mashambani, ati wanapita, ingawa shule haikuwa njia ya kwenda shamba lolote. Mmoja akataka kupima mwenyewe. Mwingine akasema vidole vya huyo wa kwanza ni vyembamba, apime yeye. Sosteni akawa mwamuzi. "Viwili vya mwanamume," akatangaza, "au vitatu vya katekista."

Alhamisi walikuja wengi. Ma Adelaida alikuja na kigoda chake, lakini hakukiweka mlangoni. Alikiweka kwa nje, mbele ya timazi, akautazama ule uzi kwa muda mrefu kama mtu anayemtazama mkwe mtarajiwa. Mchana akamwambia Mwalimu Theonest, "Watoto leo wasirudi humo." Mwalimu akasema, "Jua linawaka." Akajibiwa, "Nimeliona jua."

Mimi diploma nzima nilikuwa nimeifunga mdomoni kama maji ya moto.

Mtu mmoja tu alikuwa hajaja kupima, Evariste. Alikuwa juu kwangu, anachimba msingi wa madarasa, mtaro wa kwenda chini hadi kwenye changarawe ngumu. Alichimba kama mtu anayetafuta kitu. Alhamisi alasiri alisimama mle ndani, mtaro umemfika kiunoni, akasema bila kunitazama, "Hata hapa chini pagumu hivi, bado unataka kuchimba."

"Bado," nikasema.

Akaendelea.

Ijumaa asubuhi gwaride lilikuwa halijaisha nilipoona watu wanaachia njia. Evariste alikuja moja kwa moja kwenye ukuta wake. Alipiga magoti. Binti wa kidonda alikuwa ameshapima akasema vitatu. Evariste akaingiza vidole vyake, vile vya sepetu.

"Vyangu ni viwili na nusu," akasema.

Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo, kisha akabaki amepiga magoti pale. Alipapasa ukuta kwa kiganja, kwenye kona, mahali ambapo kazi yake ilikuwa safi kuliko zote. Nilijua anachokiona. Matofali hayakuwa na kosa. Udongo wa kuunganishia haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini ya kila kitu, na huko chini nilikuwa mimi.

Nikapiga magoti kando yake. "Bondi yako ni nzuri kuliko yangu," nikamwambia, polepole. "Mahali nilikuchagulia vibaya mimi."

Alinitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama sawasawa. "Ungesema hivyo siku ile," akasema, "ningekwisha bomoa."

Akainuka, akaenda kwa Ma Adelaida. "Mama, naomba ruhusa."

"Ya nini, mwanangu?"

"Nibomoe nyumba yangu."

Yule bibi alisimama, akasogeza kigoda, na hapo nikajua kwamba tumefika. "Nani mwingine angeweza?" akasema.

Wazazi wakateremsha nyasi kwanza, na nguzo, kwa uangalifu ule ule waliozipandishia. Kisha Evariste akapanda. Hakupiga nyundo. Alitikisa tofali la kwanza la kona ya juu kwa mkono mpaka likaachia, akaligonga udongo ukadondoka, akashuka nalo, akampa Ma Adelaida. Naye akalipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu aliyelelewa. Akampa Mwalimu Theonest. Mwalimu akampa mtu wa tatu. Hivyo hivyo, mkono kwa mkono, mstari ukapanda kilima hadi kwenye mtaro, na wenzake watatu nao wakaanza kona zao, na watoto wa darasa la kwanza wakawa wanahesabu kwa sauti, wanapotea, wanaanza upya kwenye moja.

Jumapili mvua ilishuka kweli. Jumatatu pale palipokuwa na ukuta wa Evariste palikuwa mfereji, na shimo lilikuwa limeongezeka upana hatua mbili, limekula nyasi hadi mahali ambapo dawati la mwalimu lilikuwa. Sosteni akachungulia, akasema, "Bondi ya Kinyambo imeokoa bondi ya Kiingereza," na sijui alimaanisha nini, na nadhani naye hakujua.

Tofali lile la kwanza, lililopita mikono yote, Evariste ndiye aliyelilaza kwenye msingi wa madarasa, chini kabisa kwenye kona. Madarasa yapo. Nendeni mkayaone. Nimeyajenga mimi, na nitalisema hilo mpaka nizikwe, lakini kona ile siyo yangu.

Tangu hapo, katika saiti zangu zote za Karagwe, sikuwahi tena kuuliza kama watu wameelewa. Nilisema neno moja: "Onyesha." Kila fundi mpya alijenga ukuta wa mazoezi mahali ambapo hata mbuzi asingetamani kulala, mmoja tu, usio na mwenzake wa kukutana naye. Jioni aliubomoa mwenyewe, na tofali la kwanza alimpa mkubwa kuliko wote aliyekuwepo pale, akalipokea kwa mikono miwili. Wageni waliotembelea miradi waliona ile shughuli wakaandika kwenye madaftari yao kwamba ni mila. Niliwaacha waandike. Wamelipwa kuandika.

Baadaye Evariste alifanya mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, kisha la pili, kisha akawa na watu wake mwenyewe. Katika miaka ya tisini, watu walipokuwa wengi upande wetu na kila mtu anatafuta fundi, ilibidi umwombe wiki mbili kabla.

Nilimwomba na mimi, nilipojenga nyumba yangu ya uzeeni hapa Bugomora. Alileta vijana wake, wakafanya kazi safi. Lakini kulikuwa na ukuta mmoja wa baraza, wa mbele, unaoonekana barabarani. Huo nilisema nitaujenga mwenyewe. Majirani walikuwa hawajaniona na mwiko miaka mingi. Walikuwa wameanza kudhani diploma ni ya kukaa kwenye kiti. Nilijenga siku mbili, nikipiga mluzi. Nilikuwa napiga mluzi zaidi kuliko nilivyokuwa natazama pima maji.

Asubuhi ya siku ya tatu Evariste alikuja, akaniamkia, akauangalia ukuta wangu, akatoa timazi mfukoni. Akaitundika bila kuomba ruhusa. Vijana wake wakaacha kazi. Akanikaribisha nipime.

Nikainama. Magoti yalilia. Nikaingiza kidole.

"Kimoja," nikasema.

"Cha nani?"

"Changu."

"Chako ni chembamba, Bwana Diploma. Ni cha kalamu." Akajaribu kuingiza chake, hakikuingia. "Lakini chako ndicho kilichojenga."

"Kidole kimoja si kitu," nikasema. "Ni baraza tu. Hakuna darasa humo."

Alinipa nyundo, upande wa mpini, kwa adabu zote. "Nyumba huibomoa aliyeijenga," akasema, "au adui. Mimi si adui yako."

Majirani walikuwa wamesimama barabarani. Jirani yangu, mama wa duka la kona, alikuwepo, na kijana wake aliyekuja kuhudhuria semina hotelini baadaye alikuwa mgongoni mwake, ananyonya kidole, naye anatazama. Nilitikisa tofali la kwanza likatoka. Nililigonga udongo ukadondoka. Nikatazama huku na huku nani ni mkubwa kuliko wote aliyepo pale, nikakuta ni mimi. Basi nikampa Evariste. Akalipokea kwa mikono miwili.

Ukuta upo hadi leo, ule wa mara ya pili. Diploma yangu imetundikwa juu yake, kwenye fremu, chini ya paa la baraza, muhuri umeelekea barabarani. Karibuni. Njooni na timazi yenu, pimeni mnavyotaka, kahawa itakuwepo. Ila mkishapima msiniambie kwamba mmeelewa.